Betri Iliyokufa na Namna Salama ya Kulishtua Gari

Betri ya gari hufa kwa namna mbili, na kabla ya nyaya kutolewa kwenye buti inafaa kujua ni ipi imetokea. Ya kwanza ni kuishiwa chaji: betri ni nzima, ila umeme uliotumika umezidi uliorudishwa. Ya pili ni kuchakaa: sahani za risasi zilizomo ndani zimeharibika, na hazishiki chaji hata zikichajiwa usiku kucha. Betri ya namna ya kwanza ikishtuliwa kwa nyaya kutoka gari jingine, injini huwaka na kazi huendelea. Ya namna ya pili nayo inaweza kukubali mara moja au mbili, lakini dereva akiitegemea kwa safari ya kutoka Kigoma hadi Kasulu, akazima injini njiani kununua muhogo, huenda gari lisiwake tena.

Betri ya kawaida ya gari dogo ina vyumba 6. Kila chumba hutoa volti 2 na ushei, na vyote kwa pamoja hutoa volti 12.6 hadi 12.8 betri ikiwa imejaa. Ndani ya kila chumba zimo sahani za risasi zilizozama katika mchanganyiko wa maji na asidi ya salfuriki. Mfaransa Gaston Planté aliunda betri ya aina hii mwaka 1859, na kanuni yake ni ileile hadi leo. Umeme unapotumika, asidi hupungua ndani ya maji na salfeti ya risasi hujipaka juu ya sahani. Chaji inaporudi, salfeti hiyo hubanduka na asidi hurejea. Betri ikiachwa siku nyingi bila chaji, salfeti hukomaa ikawa fuwele ngumu zisizobanduka tena, na betri iliyonunuliwa majuzi huzeeka ingali mpya. Kwa mita ya fundi, volti 12.2 baada ya gari kupumzika saa kadhaa ni dalili kwamba karibu nusu ya chaji imekwisha, volti 12.0 ni takriban robo iliyobaki. Chini ya 11.9 betri imeisha.

Mlaji mkubwa wa umeme huo ni stata. Kuizungusha injini ndogo ya petroli huhitaji ampia 100 hadi 200, na dizeli huhitaji zaidi. Magari ya zamani yalikuwa na hendeli ya kuzungusha kwa mkono pale betri ilipogoma. Stata ya umeme iliingia sokoni ndani ya Cadillac za mwaka 1912, na kadiri ilivyoenea hendeli ikaondoka, hata gari la leo likikosa betri halina njia ya kuwaka kwa nguvu zake lenyewe.

Sababu za chaji kuisha ni za kawaida, na hesabu yake si ngumu. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja, pamoja na taa ndogo za mbele na nyuma, hula karibu ampia 10. Betri ya N50, yenye uwezo wa ampia-saa 50 hivi, huishiwa na taa hizo ndani ya saa 5. Taa moja ya ndani ya wati 5 hula chini ya nusu ampia. Ndiyo maana mlango usiofungwa sawasawa jioni hauiui betri nzima kufikia asubuhi, ila gari likikaa hivyo siku nne au tano halitawaka. Kengele ya wizi, kompyuta ya gari na kifaa cha kufuatilia mahali gari lilipo huendelea kula miliampia 30 hadi 50 usiku na mchana. Kiasi hicho huonekana si kitu. Lakini mwenye gari aliyepanda treni kwenda Dar es Salaam na kukaa huko mwezi mzima hurudi akakuta nusu ya chaji au zaidi imekwenda bila mtu kugusa ufunguo. Kwa safari ya muda huo, kulegeza waya wa hasi kwa spana na kuutenga na kichwa cha betri ni kazi ya dakika mbili inayookoa betri.

Safari fupi nazo humaliza chaji kimyakimya. Kutoka Ujiji hadi Kigoma mjini ni kilomita zisizofika 10. Gari likiwashwa Rusimbi asubuhi, likazimwa Mwanga, likawashwa tena kwenda bandarini, likazimwa tena, altaneta haipati muda wa kurudisha kile ambacho stata imekula kila mara. Ikiwa ni usiku, taa zimewashwa, feni inavuma na redio inaimba, hali huwa mbaya zaidi. Daladala inayonguruma kutwa nzima haina tatizo hilo. Gari la nyumbani linalotoka mara mbili kwa siku ndilo linaloumia.

Ipo na sababu inayotokana na Ziwa Tanganyika lenyewe. Uvuvi wa dagaa wa usiku, ambao kwa miaka mingi ulitegemea karabai, umehamia kwa kiasi kikubwa kwenye taa za LED zinazotumia betri. Betri ya gari ikiazimwa kwenda mwaloni Kibirizi au Katonga kuwasha taa usiku kucha, hurudi imekauka. Madhara yake ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Betri ya kuwashia gari ina sahani nyingi nyembamba, zilizokusudiwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja na altaneta. Haikutengenezwa kutolewa chaji yote. Ikimalizwa hivyo mara kadhaa, uwezo wake hushuka na haurudi. Betri za sola zina sahani nene kwa ajili ya kazi ya aina hiyo, nazo ndizo zinazofaa mtumbwini. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kuua betri za gari moja baada ya nyingine ni ghali kuliko kununua betri moja inayostahili.

Kabla ya kutafuta gari la msaada, ni vema kuhakikisha kwamba kosa ni la betri kweli. Ufunguo ukizungushwa na dashibodi isiwake kabisa, betri imekauka, au waya umetoka kwenye kichwa chake. Taa za dashibodi zikiwaka kisha zikafifia stata inapoitwa, na injini ikatoa mlio wa tik-tik-tik, chaji ni kidogo. Lakini taa kubwa zikiwaka kwa nguvu, wala hazififii, na stata iko kimya, kushtua hakutasaidia kitu: huenda stata imeharibika, au gari la oto halikuwekwa kwenye P. Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida bila kushika, tatizo liko kwenye mafuta au mfumo wa kuchomea, na betri haihusiki.

Jambo la kwanza la kutazama chini ya boneti ni vichwa vya betri. Barabara za vumbi na makorongo hulegeza vishikizo vya nyaya, na ungaunga mweupe au wa kijani unaoota pale huzuia umeme kupita. Gari lote likiwa limezimwa, kishikizo kikishikwa na kuzungushwa kwa mkono hakitakiwi kucheza. Kikicheza, spana ndogo, kwa magari mengi ya Toyota namba 10, hukikaza, na mara nyingi gari huwaka hapohapo. Ungaunga husafishwa kwa maji ya moto yenye magadi soda kidogo na brashi ya waya, maji hayo yakizuiwa yasiingie kwenye vifuniko vya vyumba. Betri ngapi hutupwa ilhali kosa lilikuwa nati iliyolegea, hakuna ajuaye, lakini kila fundi umeme wa magari amewahi kukutana nazo.

Zipo betri ambazo hazishtuliwi kwa hali yoyote. Iliyovimba ubavuni, iliyopasuka, inayovuja, inayotoa harufu ya yai viza, au iliyo ya moto bila sababu, iachwe na iondolewe na fundi. Kwa betri zenye vifuniko vya kufungua, kina cha maji hutazamwa kwa tochi. Maji yakiwa yameshuka hadi sahani zinaonekana, kwanza huongezwa maji ya betri mpaka sahani zifunikwe, kwa maana cheche inaweza kutokea ndani ya chumba kikavu ambako hakuna mtu anayeiona.

Hatari ya kazi hii haitokani na kupigwa shoti mwilini. Volti 12 hazina nguvu ya kupenya ngozi kavu. Hatari ni gesi na asidi. Betri inapochajiwa, maji yake huchanganuka yakatoa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kushika moto, na juu ya betri kiasi hicho kinafikiwa kwa urahisi hasa penye sehemu iliyojifunga. Cheche moja ya kibano kinachogusa kichwa cha betri inatosha. Betri ikilipuka hurusha vipande vya plastiki na asidi, na anayeinamia boneti huipokea usoni. Kanuni karibu zote zitakazoelezwa hapa zinalenga jambo hilo moja: cheche ya mwisho itokee mbali na betri. Kwa hiyo hakuna sigara, kiberiti wala karabai karibu na boneti iliyofunuliwa. Usiku hutumika tochi ya simu. Miwani ya kukinga macho ni bora, na asiyekuwa nayo ageuze uso wakati wa kubana kibano. Pete, bangili na saa ya chuma huvuliwa, maana chuma kikiunganisha kichwa cha chanya na bodi huwa chekundu kwa moto ndani ya sekunde chache, na kidole kikiwa ndani yake. Watoto, ambao hukusanyika haraka palipo na gari bovu, husogezwa mbali.

Asidi ikiingia jichoni, huoshwa papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa muda usiopungua dakika 15 hadi 20, ndipo mgonjwa apelekwe hospitali. Kwa walio mjini, Hospitali ya Mkoa ya Maweni. Kuosha hakusubiri usafiri. Magadi hayatiwi jichoni, ingawa yanafaa kumwagwa juu ya asidi iliyodondoka kwenye bodi au sakafu.

Gari la msaada lazima liwe na volti sawa na gari lililozimika. Sharti hili huvunjwa zaidi barabarani kuliko mjini, kwa sababu kwenye barabara ya Uvinza au Kibondo gari la kwanza kusimama laweza kuwa Fuso au Scania. Malori hayo hutumia volti 24, zinazopatikana kwa betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Zikiunganishwa na Noah au Probox ya volti 12, huunguza kompyuta ya gari, taa na altaneta, na huweza kuilipua betri dhaifu. Wapo wanaochukua umeme wa betri moja tu kati ya zile mbili za lori. Njia hiyo nayo si salama: hasi ya mojawapo ya betri hizo haiko sawa na bodi ya lori, na bodi za magari mawili zikigusana, au waya ukiegemea mahali pasipofaa, shoti kubwa hutokea. Dereva wa lori anaweza kusaidia kwa kuvuta gari hadi kijiji cha karibu au kubeba ujumbe. Betri zake ziachwe. Land Cruiser nazo hukaguliwa kabla ya kuunganishwa. Nyingi zina betri mbili, na kuna matoleo ambayo betri hizo zimewekwa sambamba zikabaki volti 12, na mengine ambayo zimefuatanishwa zikawa volti 24. Mwenye gari akiwa hana hakika, mita ya fundi hutoa jibu.

Bodaboda haina uwezo wa kushtua gari, kwa kuwa betri yake ni ndogo mno. Gari la haibridi kama Prius halitumiwi kutoa msaada, kwa sababu betri yake ndogo ya volti 12 na vifaa vinavyoilisha havikukusudiwa kubeba mzigo wa stata ya gari jingine. Likiwa ndilo lililozimika, linaweza kupokea msaada kwenye sehemu iliyoonyeshwa katika kitabu chake, na nyaya nene za rangi ya chungwa haziguswi kamwe.

Pale ambapo hakuna gari jingine, betri ya sola ya nyumbani ya volti 12 iliyojaa inaweza kutumika, ilmradi iwe ya risasi na asidi na iwe imetenganishwa kwanza na kidhibiti chake cha sola. Betri za lithiamu zinazouzwa pamoja na baadhi ya taa za LED haziunganishwi na gari hata zikiandikwa volti 12. Kifaa kidogo cha kubustia, chenye lithiamu ndani, ni jambo tofauti. Kimetengenezwa kwa kazi hiyo na kina kinga yake. Nacho huchajiwa kila baada ya miezi michache, na hakiachwi juu ya dashibodi kwenye jua.

Nyaya zenyewe zinastahili kuchaguliwa kwa makini kuliko zinavyochaguliwa. Unene unaoonekana kwa nje waweza kuwa mpira mtupu. Kwa injini ndogo za petroli, shaba iliyomo ndani isipungue milimita mraba 16. Kwa dizeli, 25 au zaidi. Nyingi za bei rahisi zina nyuzi chache za alumini zilizopakwa shaba juu. Hizo hupata moto kabla stata haijazunguka, na mpira wake huyeyuka mkononi. Waya wa umeme wa nyumba, hata ukisukwa mara mbili, haufai. Vibano viwe na meno makali na springi yenye nguvu, na urefu usizidi sana mita 3, maana urefu nao hula umeme.

Magari mawili husogezwa karibu kiasi cha nyaya kufika, lakini yasigusane. Mji wa Kigoma umejengwa juu ya miteremko inayoshuka ziwani, kwa hiyo breki ya mkono hukazwa kwenye magari yote mawili na jiwe huwekwa nyuma au mbele ya gurudumu. Gia huwekwa kwenye P kwa oto, na kwenye fri kwa gari la gia za mkono. Injini zote huzimwa. Taa, redio, feni, kiyoyozi na chaja ya simu huzimwa au kuchomolewa. Kisha chanya na hasi hutambuliwa kwa alama za + na − zilizo kwenye betri yenyewe. Rangi za nyaya za gari si ushahidi, kwa sababu matengenezo ya miaka mingi yameacha magari mengi na waya mweusi kwenye chanya. Alama zikiwa zimefutika, kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi. Palipo na shaka yoyote, kazi inasimama hadi shaka iishe, maana kugeuza chanya na hasi hukata fyuzi kuu na kuchoma dayodi za altaneta kwa kufumba na kufumbua.

Uunganishaji una mpangilio mmoja. Kibano chekundu hubanwa kwanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, na ncha ya pili ya waya huo kwenye chanya ya betri ya msaada. Kibano cheusi hubanwa kwenye hasi ya betri ya msaada. Ncha ya mwisho nyeusi haipelekwi kwenye betri iliyokufa: hubanwa kwenye chuma kitupu na kinene cha injini ya gari lililozimika, kisichopakwa rangi, umbali wa nusu mita hivi kutoka kwenye betri, na mbali na mabomba ya mafuta, mkanda na feni. Hapo ndipo cheche hutokea, ikiwa itatokea, na hapo hakuna gesi. Watu wengi hupuuza hatua hii na kubana hasi kwa hasi, na kwa kuwa hawakudhurika mara nyingi zilizopita huiona ni sawa. Betri haitoi onyo kabla ya ile mara moja itakayolipuka. Magari ambayo betri yake iko kwenye buti au chini ya kiti huwa na kichwa maalumu cha chanya chini ya boneti, chenye kofia nyekundu; hicho ndicho hutumika.

Waya zikiwa zimetulia, gari la msaada huwashwa na kuachwa lingurume kwa mwendo uliopanda kidogo kwa dakika 5. Muda huo una kazi kubwa: betri iliyokufa hupokea chaji kidogo, na mzigo wa stata hauliangukii gari la msaada peke yake. Ndipo gari lililozimika linapigwa stata, isizidi sekunde 10. Lisipowaka, husubiriwa dakika moja au mbili ili stata na nyaya zipoe, kisha hujaribiwa tena. Mara tatu zinatosha. Kabla ya kukata tamaa, vibano huchezeshwa kidogo ili meno yaume chuma vizuri, hasa kile cha mwisho, kwa sababu kutu au rangi pale ndiyo sababu ya kawaida ya kushindwa. Nyaya zikiwa za moto mno kushikika, zoezi linasitishwa.

Gari likiwaka, magari yote mawili huachwa yakinguruma dakika 2 au 3. Kabla ya kutenganisha, feni ya hewa ya gari lililokuwa limezimika huwashwa ili imeze msukumo wa umeme unaotokea waya unapoachiwa; taa kubwa zibaki zimezimwa. Kisha vibano hutolewa kinyume cha vilivyowekwa: kwanza cheusi cha kwenye chuma cha injini, kisha cheusi cha betri ya msaada, kisha chekundu cha betri ya msaada, na mwisho chekundu cha gari lililokuwa limekufa. Wakati wote huo vibano havigusani, wala haviegemezwi kwenye bodi.

Ipo desturi ya mtaani inayohitaji kusemwa kwa uwazi. Betri nzima huchomolewa kutoka gari moja, likawashwa gari jingine kwayo, kisha injini ikiwa inanguruma betri hiyo hutolewa na ile mbovu kurudishwa. Na wapo mafundi wanaopima altaneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa imewaka: ikizima, altaneta ni mbovu, ikiendelea, ni nzima. Betri, mbali na kuwasha gari, hutuliza umeme wa altaneta. Ikiondolewa ghafla, umeme hupanda kwa kitambo kifupi hadi makumi ya volti, kiasi ambacho kompyuta ya gari, redio na altaneta yenyewe havikujengwa kukihimili. Land Rover ya zamani isiyo na kompyuta ilivumilia kipimo hicho. Vitz au IST haivumilii. Mita ya bei nafuu hutoa jibu lilelile bila kuchomoa kitu.

Kusukuma ni njia ya zamani na inafanya kazi, lakini kwa gari la gia za mkono tu. Swichi huwashwa, klachi hukanyagwa, gia ya pili huwekwa, na gari likishika mwendo wa mtu anayekimbia polepole klachi huachiwa mara moja. Magari ya oto na haibridi hayawaki kwa kusukumwa. Kwenye mteremko hatari huongezeka, kwa sababu injini ikiwa imezima breki huwa ngumu na usukani huwa mzito, na gari linaloshuka kuelekea ziwani bila kushika halina msaidizi. Likisukumwa, lisukumwe kwenye tambarare, barabara ikiwa tupu, na wasukumaji wakae nyuma, wasiwe ubavuni karibu na magurudumu. Kuvutwa kwa kamba ili liwake hakufai kabisa: likishika ghafla hulivamia gari lililo mbele.

Gari lililoshtuliwa halijapona bado. Betri imekopeshwa umeme wa kuwashia tu. Mwendo wa nusu saa hadi saa nzima bila kuzima, mathalani kutoka mjini kwenda Kidahwe na kurudi, hurudisha sehemu ya chaji, lakini betri iliyokauka hujazwa sawasawa kwa chaja ya umeme wa ukutani. Kipimo salama cha kuchaji ni sehemu moja ya kumi ya uwezo: ampia 5 kwa N50, ampia 7 kwa N70, kwa saa 10 hadi 12, mahali penye hewa na mbali na jiko. Siku inayofuata mita huonyesha ukweli. Injini ikinguruma, volti kati ya 13.8 na 14.5 kwenye vichwa vya betri ni dalili kwamba altaneta inachaji; zikibaki 12 na kitu, mkanda umelegea au altaneta imekufa, na betri mpya itakayonunuliwa nayo itaisha siku hiyohiyo. Ikiwa altaneta ni nzima, betri imejazwa, na bado asubuhi inashuka chini ya 12.4 gari likiwa limezimwa, ama kuna kitu kinachokula umeme usiku au betri imechakaa. Umri nao ni shahidi. Miaka 3 hadi 5 ndiyo maisha ya kawaida, na joto la chini ya boneti hufupisha zaidi.

Maji yanayoongezwa kwenye betri ni yale yaliyotoneshwa, yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Maji ya Ziwa Tanganyika, pamoja na ung'avu wake wote, hayafai. Yana magnesi na madini mengine kwa wingi, na ualkali wake unafika karibu pH 9. Madini hayo hubaki ndani ya vyumba na kuharibu sahani. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati hubeba kutu na zinki. Asidi haiongezwi, kwa kuwa kinachopotea kwa joto ni maji pekee. Hujazwa hadi kwenye mstari wa juu, baada ya kuchaji; kabla ya kuchaji huwekwa ya kufunika sahani tu, maana maji hupanda chaji inapoingia.

Betri isiyofaa tena huuzwa ikiwa nzima, na asidi yake ndani, kwa wanunuzi wa betri chakavu wenye kibali. Kumwaga asidi ili kuuza risasi tupu kumeenea kwa sababu ni rahisi, na maji hayo yana chembe za risasi ambazo haziozi wala hazipotei. Yakimwagwa mtaroni, mvua za masika huyapeleka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, nao hutoa kidogo; sehemu kubwa ya maji hupotea kwa mvuke na kuviacha nyuma vilivyoingia. Kuyeyusha sahani nyumbani ili kupata vizito vya nyavu ni hatari zaidi, kwa kuwa mvuke na vumbi la risasi hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Betri ikisafirishwa husimamishwa wima, vichwa vyake hufunikwa kwa kipande cha mpira, na hufungwa isicheze, nje ya chumba cha abiria.